Wakili wa Springfield

Tarehe 15 Aprili, 1837, kijana mmoja mrefu sana, mwenye umri wa miaka 28, aliingia katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois, huko Marekani. Alikuwa amepanda farasi wa kuazima. Mali yake yote ilikuwa ndani ya mifuko miwili ya ngozi iliyoning'inia kwenye tandiko. Alishuka mbele ya duka la Joshua Speed, akauliza bei ya godoro, shuka na mto. Alipoambiwa kuwa ni dola 17, alikiri kwamba hanazo. Akaomba akopeshwe mpaka Krismasi, na akaongeza kuwa kama kazi yake mpya haitamfaa, huenda asiweze kulipa kabisa. Mwenye duka alimtazama uso wake wenye huzuni, akamwonea imani, akamwambia kuwa huko juu ghorofani anacho kitanda kipana, waweza kulala wote wawili. Kijana akapandisha mifuko yake, kisha akashuka akicheka na kusema kwamba amekwisha hamia.

Kijana huyo ndiye Abraham Lincoln, na kazi yake mpya ilikuwa uwakili. Wengi wetu tuliopita shule tulisimuliwa habari zake kwa ufupi: alizaliwa katika kibanda cha magogo, akawa Rais, akawaweka watumwa huru, akauawa. Lakini kati ya kibanda hicho na Ikulu ya Washington kuna miaka 24 ambayo wasimuliaji huiruka. Alikuwa Rais kwa miaka minne tu na siku chache. Alikuwa wakili wa mji mdogo kwa karibu robo ya karne. Leo twapenda kuieleza miaka hiyo, kwa sababu mtu hujulikana kwa kazi ya mikono yake ya kila siku kuliko kwa siku zake za sherehe. Tena ndani ya miaka hiyo limo jambo moja ambalo wanaomsifu hupenda kulifunika, na wanaomlaumu hupenda kulikuza. Sisi tutalieleza kama lilivyokuwa.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari, 1809, katika jimbo la Kentucky. Baba yake alikuwa mkulima na seremala. Mwaka 1816 jamaa yote ilihamia Indiana, na miaka miwili baadaye mama yake mzazi akafariki, mtoto akiwa na umri wa miaka 9. Siku zote alizokaa darasani, ukizijumlisha pamoja, hazikutimia mwaka mmoja. Shule yake ilikuwa shoka, jembe, na kitabu cha kuazima. Alipofika Illinois alipasua magogo ya kujengea ua, alikuwa karani wa duka, alipima mashamba, aligawa barua za posta katika kijiji cha New Salem. Alijaribu biashara na mwenzake, duka likafa, na mwenzake naye akafa. Deni lote, lililopita dola 1,000, likamwangukia yeye peke yake. Angeweza kuhamia jimbo jingine kama wengi walivyofanya siku zile. Hakuhama. Dawa ya deni ni kulipa, naye alilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata akiwa wakili.

Sheria alijifunza mwenyewe. Siku hizo mtu hakuhitaji chuo kikuu ili awe wakili. Alisoma vitabu katika ofisi ya wakili mkubwa, kisha akaulizwa maswali na kupewa hati. Lincoln hakuwa hata na ofisi ya kusomea. Wakili John Todd Stuart alimwazima vitabu, naye akavisoma peke yake kijijini, akiwa chini ya mti au kando ya moto. Mwezi Septemba, 1836, akapata hati yake, na mwaka uliofuata Stuart huyo huyo akamchukua kuwa mshirika wake Springfield.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Njia zake zilikuwa udongo mtupu: mvua ikinyesha, magurudumu yalizama matopeni, jua likiwaka, vumbi liliingia mpaka jikoni, na nguruwe walizurura barabarani wapendavyo. Lakini mwaka ule ule wa 1837 Springfield ilichaguliwa kuwa makao makuu ya jimbo, na Lincoln mwenyewe, akiwa mjumbe katika Baraza la jimbo, alikuwa mmoja wa waliolipigania jambo hilo. Katikati ya uwanja wa mji likaanza kujengwa jumba la Serikali la mawe. Palipo na makao makuu pana mahakama, na palipo na mahakama mawakili hawakosi. Mpaka mwaka 1860 watu wa mji walikuwa wamezidi 9,000.

Katika maisha yake ya uwakili Lincoln alikuwa na washirika watatu. Wa kwanza, Stuart, alikuwa mtu wa siasa. Alipokwenda kwenye Bunge la Marekani, kijana aliachiwa ofisi nzima akajifunza kwa kukosea. Wa pili, tangu mwaka 1841, alikuwa Stephen Logan, mtu wa utaratibu mkali, aliyekuwa amewahi kuwa jaji. Huyu ndiye aliyemfundisha kwamba maneno matamu hayatoshi mahakamani. Wakili sharti aijue hoja ya mpinzani wake sawa na ya kwake. Wa tatu, tangu mwaka 1844, alikuwa William Herndon, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka tisa. Ingawa Lincoln ndiye aliyekuwa mkubwa na mwenye jina, ada zote waligawana nusu kwa nusu.

Tumtazame basi katika siku yake moja. Mwaka 1842 alimwoa Mary Todd, binti wa watu wenye mali wa Kentucky, na mwaka 1844 wakanunua nyumba ya mbao kwa thamani ya dola 1,500. Asubuhi wakili huyu, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 4, alipasua kuni zake, alimlisha farasi wake na kumkamua ng'ombe kwa mikono yake mwenyewe. Kisha alivaa kofia yake ndefu nyeusi, akatembea kwa miguu mpaka ofisini karibu na uwanja wa mji. Kofia hiyo ilikuwa vazi na tena ilikuwa kabati: barua za wateja na karatasi za mashauri alizitia humo ndani, na mara nyingine zikasahauliwa humo.

Ofisi haikuwa mahali pa kumpendeza mtu nadhifu. Meza zilikuwa kuukuu, madirisha hayakuoshwa, na vumbi pembeni lilikuwa jingi hata mbegu za mimea zilizomwagika sakafuni zikaota. Palikuwa na bunda moja la karatasi ambalo Lincoln aliliandikia maagizo kwamba kitu kikikosekana mahali pengine pote, kitafutwe humo. Alipofika alijilaza juu ya kochi, miguu yake mirefu akaiweka kitini, akaanza kusoma gazeti kwa sauti. Jambo hili lilimkera sana Herndon. Lincoln alimweleza kuwa akisoma kwa sauti, jambo humwingia kwa njia mbili, ya macho na ya masikio, na hivyo halimtoki. Siku za Jumapili alikuja na wanawe wadogo, nao wakamwaga wino, wakavunja kalamu na kutawanya vitabu, baba yao asiwakaripie. Mshirika wake alinyamaza kimya huku moyo unamchemka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya uchovu. Hapakuwa na mashine ya kupiga chapa. Kila hati iliandikwa kwa mkono, na nakala yake iliandikwa tena kwa mkono. Lincoln na washirika wake walishughulika na mashauri zaidi ya 5,000 katika miaka hiyo, na zaidi ya nusu yalikuwa mashauri ya madeni: mkulima aliyekopa mbegu, fundi asiyelipwa ujira wake, mfanyabiashara aliyetia sahihi hati ya deni asiweze kuilipa. Mengine yalikuwa ya mipaka ya mashamba, ya nguruwe na farasi, ya mirathi, ya kusingiziana, ya mume na mke kuachana. Ada ya kawaida ilikuwa dola 5, au 10, au 20. Mtu aliyewahi kuwa mdaiwa mwenyewe alikaa sasa kati ya wadai na wadaiwa, akayaona maisha ya watu wa kawaida yanavyopasuka kwa sababu ya fedha kidogo.

Hapo ndipo alipopata imani yake moja kubwa juu ya kazi hiyo. Aliona kwamba wakili mwema ni yule anayewapatanisha watu, wala si yule anayewachochea. Mara nyingi mshindi wa kesi ni mshindi wa jina tu, kwa kuwa ada, gharama na siku alizopoteza huzidi kile alichokipata. Alisema pia kuwa mtu asiyeweza kuwa wakili mwaminifu yafaa awe mwaminifu na aache uwakili. Wala hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Mwaka 1856 mteja mmoja alimpelekea dola 25 kwa ajili ya hati alizomwandikia. Lincoln alimrudishia dola 10, akamwambia kuwa 15 zatosha kwa kazi ile.

Mara mbili kila mwaka, katika majira ya machipuko na ya kupukutika kwa majani, alifunga safari. Mahakama ya Mzunguko wa Nane ilitoka wilaya moja kwenda nyingine, na kwa miaka kadhaa wilaya zake zilifika 14. Jaji, mtu mnene sana aitwaye David Davis, alisafiri pamoja na mawakili, wengine juu ya farasi, wengine katika vigari, wakivuka mbuga tupu na mito isiyo na madaraja. Safari moja ilichukua wiki kumi au zaidi. Katika nyumba za wageni walilala wawili wawili kitanda kimoja, na mezani jaji, mawakili, mashahidi, na hata mshtakiwa aliyetolewa kwa dhamana, walikula chakula kimoja. Jumamosi wengine walikimbilia makwao. Lincoln aghalabu alibaki. Usiku wenzake wakikoroma, yeye aliwasha mshumaa akasoma vitabu vya hesabu za Euclid, apate kujifunza maana ya kuthibitisha jambo.

Wiki ya mahakama ilikuwa kama sikukuu katika miji ile midogo. Wakulima walikuja na wake zao na watoto wao kusikiliza. Mteja alimkamata wakili chini ya mti, akamweleza shauri lake, na pengine baada ya saa moja tu walikuwa mbele ya jaji. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa juri, yaani watu 12 wa mahali pale, wakulima na mafundi, walioapishwa kusikiliza na kukata shauri. Mbele ya watu hao maneno magumu ya vitabuni hayakufaa kitu. Lincoln alijifunza kuacha mambo madogo yote, kumkubalia mpinzani wake karibu kila kitu, kisha kusimama juu ya nukta moja ambayo ndiyo roho ya shauri, na kuieleza kwa lugha ambayo mtu wa jembe aliielewa. Huko ndiko alikojifunza kusema na taifa.

Shauri lake lililojulikana sana lilikuwa la mwaka 1858, mjini Beardstown. Kijana aitwaye Duff Armstrong alishtakiwa kwa kuua. Mama yake, Hannah, alikuwa amemlisha Lincoln na kumshonea nguo zamani zile za ufukara kule New Salem. Shahidi mkuu alidai kuwa usiku ule aliliona pigo kwa sababu mwezi ulikuwa juu unang'aa. Lincoln alimwacha alirudie jambo hilo mara nyingi, mpaka hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Kisha akatoa kitabu cha kalenda ya mwaka ule, kinachoonyesha nyakati za mwezi kuchomoza na kutua, akawaonyesha juri kwamba saa ile mwezi ulikuwa chini kabisa, karibu kutua. Njia ya mwongo ni fupi. Kijana akaachiliwa, na Lincoln hakutaka malipo kwa mama yule.

Lakini si haki kueleza mashauri ya namna hiyo tu. Katika miaka ya 1850 reli ilifika Illinois, na pamoja na reli zikaja kampuni zenye fedha nyingi. Mwaka 1853 wilaya ya McLean ilitaka kuitoza kodi kampuni ya reli ya Illinois Central. Lincoln aliona kuwa shauri hilo ni kubwa kwa wilaya zote, naye aliiandikia kwanza wilaya jirani akiwa tayari kuwatumikia. Hakupata kazi kwao, akachukuliwa na kampuni. Mwaka 1856 Mahakama Kuu ya jimbo ilikata shauri kwamba kampuni ilisamehewa kodi ile kihalali. Lincoln alidai dola 5,000, kampuni ikakataa, naye akaishtaki mwaka 1857 mpaka ikalipa. Fedha alizozipata kwa shauri hilo moja zilizidi ada za mamia ya wakulima. Hakuvunja sheria yo yote. Lakini msomaji ataona kwamba wilaya ya wakulima ilikosa kodi yake, na elimu ya wakili aliyetoka katika kibanda cha magogo ndiyo iliyosaidia kuikosesha.

Sasa twafika kwenye lile jambo tulilolisema mwanzoni, nalo lahusu watu weusi na utumwa.

Illinois ilikuwa jimbo huru kwa jina, lakini sheria zake ziliwabana watu weusi. Mtu mweusi hakuweza kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mtu mweupe, na mwaka 1853 jimbo lilipitisha sheria ya kuwazuia watu weusi kuhamia huko. Hata hivyo watu weusi waliishi Springfield, na kinyozi wa Lincoln alikuwa mmoja wao: William de Fleurville, mzaliwa wa Haiti, mtu mwenye akili na mali, ambaye Lincoln alimshughulikia mambo yake ya viwanja.

Mwaka 1841 Lincoln alisimama mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo katika shauri la hati ya deni. Mtu aitwaye Bailey alikuwa ameahidi kulipa fedha kwa ajili ya mwanamke mweusi aitwaye Nance, kana kwamba anauzwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba Nance alikuwa mtumwa. Lincoln, akimtetea Bailey asilipe, alitoa hoja kwamba katika Illinois kila mtu huhesabiwa kuwa huru mpaka ithibitishwe vingine, na kwamba kumwuza mtu huru ni kitu batili. Mahakama ikakubali. Shauri lilikuwa la deni la mtu mweupe, lakini kwa hukumu hiyo uhuru wa Nance ulisimama imara.

Miaka sita baadaye, Oktoba 1847, katika mji wa Charleston, Lincoln huyo huyo alisimama upande wa pili. Bwana mmoja wa Kentucky, Robert Matson, alikuwa na shamba huko Illinois, naye alikuwa na desturi ya kuwaleta watumwa wake kulilima na kisha kuwarudisha. Mwanamke aitwaye Jane Bryant, akihofia kuuzwa mbali, alikimbia na watoto wake wanne. Walikamatwa wakatiwa jela. Watu wema wa mahali pale wakawatetea mahakamani, na Matson akaajiri mawakili, Lincoln akiwa mmoja wao. Hoja ya upande wake ilikuwa kwamba watu wale walikuwa wapitaji tu, vibarua wa msimu, hivyo uhuru wa Illinois hauwahusu. Lincoln alishindwa, na twashukuru kwamba alishindwa. Jane Bryant na watoto wake wakatoka huru, na baadaye wakavuka bahari kwenda Liberia.

Mtu aweza kuuliza, amewezaje? Lincoln alikuwa amekwisha kutangaza hadharani, tangu mwaka 1837 katika Baraza la jimbo, kwamba utumwa ni dhuluma. Wengine humtetea kwa kusema kwamba wakili hachagui wateja, kama mganga asivyochagua wagonjwa. Sisi hatuoni kwamba hoja hiyo yatosha. Mganga huponya mwili wa kila mtu. Lakini siku ile, kama Lincoln angefaulu, mama mmoja na watoto wanne wangerudishwa minyororoni kwa kalamu yake. Twaona hapa mpaka wa kazi ile iliyomlea. Ilimfundisha uvumilivu, uaminifu katika fedha, na kusema kweli kwa lugha nyepesi. Lakini ilimzoesha pia kuichukua sheria kama ilivyo, na kumpa elimu yake yule aliyetangulia kuajiri. Sheria ikiwa yenyewe imepinda, uhodari wa wakili hauinyoshi. Huweza hata kuipindisha zaidi.

Kilichomtoa hapo si shauri la mahakamani. Mwaka 1854 Bunge la Marekani, likiongozwa na Seneta Stephen Douglas wa Illinois, lilipitisha sheria iliyofungua nchi za Kansas na Nebraska kwa utumwa. Lincoln alikuwa ametumikia muhula mmoja Bungeni, kuanzia 1847 hadi 1849, na baada ya hapo alikuwa ameanza kuiacha siasa. Sasa aliamka. Akajifungia katika maktaba ya jumba la Serikali, akapekua sheria na historia kama mtu anayetayarisha shauri la maisha yake, kisha mwezi Oktoba mjini Peoria akasimama kwa masaa matatu mbele ya wananchi. Namna yake ya kusema ilikuwa ile ile ya mzunguko wa mahakama, ila sasa juri lilikuwa taifa zima, na mteja hakuwa na fedha ya kulipa.

Wala hakugeuka mara moja. Aliamini bado kwamba Serikali haina mamlaka ya kuugusa utumwa katika majimbo ulimokuwamo. Alitaka watu weusi wasaidiwe kuhamia nchi nyingine. Mwaka 1858, akishindana na Douglas, alisema katika mji ule ule wa Charleston, alikoachiwa huru Jane Bryant, kwamba hataki watu weusi wawe sawa na weupe katika kura na mambo ya kijamii. Maneno hayo ni doa, na hakuna haja ya kulipaka chokaa. Alishindwa uchaguzi ule, akarudi ofisini kuandika hati za madeni, maana alikuwa ametumia fedha nyingi na nyumbani palihitaji chakula.

Novemba 1860 alichaguliwa kuwa Rais. Kabla ya kuondoka alikwenda ofisini kumuaga Herndon. Walikagua mashauri yaliyosalia, kisha Lincoln akajinyosha juu ya kochi lile kuukuu. Alipotoka alimwomba mwenzake kibao chenye majina yao kiachwe pale pale mlangoni, kwa kuwa akijaliwa kurudi wataendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Tarehe 11 Februari, 1861, akapanda gari la moshi.

Huko Washington uwakili wake ulimfuata. Mwaka 1855, katika shauri kubwa mjini Cincinnati, wakili mashuhuri Edwin Stanton alimdharau, asimpe nafasi ya kusema neno. Mwaka 1862 Lincoln alimfanya Waziri wa Vita, kwa kuwa aliujua uwezo wake. Na tarehe 1 Januari, 1863, alipotangaza kuwa watumwa katika sehemu za uasi ni huru, alijua kama wakili kwamba amri ya wakati wa vita yaweza kutanguliwa na mahakama baada ya vita. Kwa hiyo alipigania Katiba yenyewe igeuzwe. Bunge lilikubali tarehe 31 Januari, 1865, na majimbo yakatimiza idadi iliyotakiwa tarehe 6 Desemba mwaka huo.

Tusidhani kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu mmoja. Watumwa walikaribia milioni 4, na kwa maelfu walitoroka mashambani bila kungoja hati ya mtu. Watu weusi wapatao 180,000 walichukua bunduki katika jeshi la Serikali. Damu yao ndiyo iliyomfundisha Lincoln lile ambalo vitabu vya sheria havikumfundisha. Tarehe 11 Aprili, 1865, mtu aliyesema yale ya Charleston alisimama hadharani na kutaka baadhi ya watu weusi, waliosoma na waliopigana, wapewe kura. Siku tatu baadaye alipigwa risasi. Alifariki asubuhi ya tarehe 15 Aprili, miaka 28 kamili tangu siku aliyoingia Springfield na mifuko miwili. Alirudishwa kuzikwa huko huko.

Ndugu wasomaji, tumeieleza habari hii ndefu kwa ajili ya somo moja. Uaminifu wa mtu katika kazi yake ndogo ni kitu kikubwa, na bila dola zile 10 zilizorudishwa kwa mteja asingeaminiwa na taifa. Lakini uaminifu peke yake hautoshi. Mfanyakazi hodari, karani hodari, wakili hodari, kila mmoja hana budi kuuliza uhodari wake unamtumikia nani. Lincoln alichelewa kuliuliza swali hilo, na Jane Bryant nusura alipe gharama ya kuchelewa kwake. Heshima tunayompa ni kwa sababu hatimaye aliliuliza, akalijibu, na alipoona kuwa sheria ndiyo yenye makosa, hakuridhika kushinda kesi moja moja. Alikwenda kwa wananchi ili sheria yenyewe ibadilishwe.